Satelaiti ya juu au ya chini? Ulinganisho kwa watu wa Mtwara na Lindi kabla hujanunua dishi

Tangu ile Mei 2024 mikongo ya baharini ikatike na intaneti ikalala hapa kwetu na kwa majirani, watu wa kusini wameanza kuulizia sana madishi ya intaneti, na swali ni lilelile kila siku, "fundi, lipi zuri?" Mi naona swali la kampuni lije baadaye kabisa. Cha kwanza uliza hiyo satelaiti iko umbali gani toka ardhini, maana ukishajua urefu wake umeshajua kasi yake, umeshajua kama dishi litafungwa likatulia au litahangaika kuifuata, na umeshajua sauti yako itachelewa kiasi gani kufika. Vyote hivyo vinaamuliwa na uvutano wa dunia, sio na kampuni, na hakuna kampuni inayoweza kukuuzia satelaiti iliyo karibu na wakati huohuo imesimama sehemu moja angani. Lazima uchague.

KWANZA KWANINI HAIANGUKI

Wengi wanaamini satelaiti inaelea kwa sababu huko juu hakuna uvutano. Sio kweli kabisa, na ukibaki na wazo hilo haya mengine yote yatakupita. Kile kituo cha anga cha kimataifa kiko kama kilomita 400 juu, na pale uvutano bado una karibu asilimia 89 ya huu unaotushika sisi hapa. Wanaanga wanaonekana wanaelea kwasababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote, bila kufika chini.

Inawezekanaje? Simama kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde pale Newala, bonde la Ruvuma liko chini yako, alafu rusha dafu mbele. Sekunde ya kwanza litashuka kama mita 4.9, na hata ulirushe kwa nguvu kiasi gani, ilimradi umelirusha sambamba na ardhi, bado sekunde ya kwanza litashuka mita hizohizo, tofauti ni kwamba litakuwa limefika mbali zaidi. Sasa dunia ni mviringo, ukienda kilomita 8 hivi uso wake unakuwa umekunja kwenda chini karibu mita 5. Kwahiyo kama hewa isingekuwepo na ungeweza kulirusha kwa kilomita 7.9 kwa sekunde, dafu linashuka mita tano na ardhi nayo imeshuka mita tano, sekunde inayofuata vilevile, na inayofuata vilevile, mpaka linazunguka dunia nzima na kukurudia kwa nyuma. Newton aliwaza hivihivi kwa mzinga juu ya mlima, na sheria yake ya uvutano aliitoa 1687, miaka 270 kabla binadamu hajarusha satelaiti hata moja. Sputnik ilikuja Oktoba 4, 1957 na ilikuwa inazunguka dunia kwa dakika 96.

Sasa hapa ndo penye utamu. Ukipanda juu zaidi uvutano unapungua, kwahiyo satelaiti haihitaji kasi kubwa hivyo ili isianguke. Inaenda taratibu, na njia yake ni ndefu zaidi, basi muda wa kumaliza mzunguko unaongezeka haraka sana. Kilomita 400 juu, mzunguko mmoja ni dakika 92 hivi, kasi ni kilomita 7.7 kwa sekunde. Kilomita 20,200 ambako ziko satelaiti za GPS, ni karibu saa 12, kasi 3.9. Kilomita 35,786 ni saa 23 dakika 56, kasi 3.07. Na Mwezi wenyewe, kilomita 384,400, unatembea kilomita 1 tu kwa sekunde na unachukua siku 27.3.

Sio namba za kukariri hizi, mwanafalaki Kepler alishaonyesha uhusiano wake 1619 kwa kuangalia sayari. Mraba wa muda unaenda sawa na mchemraba wa umbali, yaani umbali kwa umbali kwa umbali, na umbali unaupima toka katikati ya dunia, sio toka ardhini. Jaribu mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Satelaiti ya siku moja, ile ya kilomita 35,786 toka ardhini, iko kilomita 42,164 toka katikati ya dunia, Mwezi uko 384,400, gawanya unapata kama 9.1. Zidisha 9.1 kwa 9.1 kwa 9.1, inakuja karibu 754, tafuta kipeuo cha pili chake, 27 na nusu. Yaani Mwezi unatakiwa uchukue siku 27 na kitu, na kweli ndivyo unavyofanya! Mimi kila nikimwonyesha mwanafunzi hesabu hii nafurahi upya, kwasababu ni sheria ileile inayoipeleka Zebaki kuzunguka jua kwa siku 88 ikikimbia kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni iliyo mbali kabisa ikienda kilomita 5.4 tu kwa sekunde na kutumia miaka 165. Hakuna sheria ya sayari na nyingine ya dishi la Azam.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

TELEVISHENI: HAPA HAKUNA UBISHI, CHUKUA YA JUU

Ule urefu wa kilomita 35,786 una kitu kimoja ambacho hakuna urefu mwingine unacho. Satelaiti ikiwa pale, juu ya ikweta, ikizunguka kuelekea mashariki, inamaliza mzunguko kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha. Kwa mtu aliye chini inaonekana imesimama. Ina kasi ya kilomita 3 kwa sekunde lakini we unaona imesimama. Mwandishi Arthur C. Clarke aliandika 1945 kwamba satelaiti za hivyo zinaweza kurusha mawasiliano dunia nzima, na 1964 satelaiti ya Syncom 3 ikawa ya kwanza kukaa hivyo, ikarusha mpaka Olimpiki ya Tokyo.

Faida yake kwako ni kwamba fundi analifunga dishi mara moja, anakaza nati, basi. Dishi halina mota, halina kompyuta, kichwa chake kinachopokea mawimbi kinakula umeme mdogo sana, hata sola ndogo ya kijijini Liwale inakibeba.

Kitu watu wa huku wanachopaswa kujua ni dishi lao linatazama wapi. Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwahiyo satelaiti zote hizi ziko upande wetu wa kaskazini, zimepangana kama mkanda toka mashariki mpaka magharibi. DStv ya huku inatoka kwenye satelaiti iliyo longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na Mtwara mjini iko kama nyuzi 40 mashariki, yaani satelaiti iko karibu juu ya kichwa, nyuzi kama 77 toka kwenye upeo, kaskazini ikiegemea magharibi kidogo. Azam iko nyuzi 7 mashariki, mbali sana upande wa magharibi, basi dishi linaangalia magharibi likipanda kaskazini kidogo, nyuzi kama 50 juu. Ukienda Masasi au Nachingwea kule juu-chini inabadilika nyuzi moja hivi tu, ila upande unasogea, hivyo usikariri vipimo vya mjini ukavipeleka vilevile. Na usidanganywe na macho, haya madishi madogo kichwa chake kimekaa kwa chini na sio katikati, kwahiyo uso wa dishi unaonekana umesimama zaidi ya kule unakotazama kweli. Vijana wengi wanaojifunza kufunga wanahangaika hapo, wanaliinua sana dishi la nyuzi 36 kwasababu wameambiwa satelaiti iko utosini.

Ubaya wake upo. Masika yetu ya Desemba mpaka Aprili, likija wingu zito mchana picha inakatika, na hilo ni maji kumeza mawimbi, satelaiti haina kosa. Alafu kuna lile tatizo la mara mbili kwa mwaka ambalo watu wanamlaumu fundi bure. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba kwenda mbele kidogo, kwa siku chache, jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti ukiangalia toka huku, na kelele za jua zinafunika mawimbi. Kwa ya nyuzi 36 hapa Mtwara inatokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, dakika chache tu, alafu inarudi yenyewe. Usiguse dishi. Subiri.

INTANETI: HAPA NDO PA KUFIKIRIA

Intaneti ya satelaiti ya juu na ya chini ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa vyote vinaitwa "intaneti ya dishi", na wauzaji wengine hawakuambii.

Ya juu: neno lako linapanda kilomita 36,000 na kushuka 36,000, jibu linafanya hivyohivyo tena. Mawimbi yanaenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hakuna kinachoyapita, lakini bado safari hiyo ni karibu nusu sekunde, na ukiongeza mitambo inafika sekunde 0.6 hivi. Kwa kudaunlodi faili, kutuma ripoti, kusoma barua pepe, hutaona shida. Kwa kupigiana simu za video mnaanza kukatishana maneno, kila mtu anadhani mwenzie amenyamaza. Gemu za mtandaoni sahau. Hata ulipie kifurushi kikubwa kiasi gani kuchelewa huko hakupungui, maana ni umbali, na umbali huo ndio pekee unaofanya satelaiti isimame.

Ya chini, mfano Starlink, ziko kama kilomita 550. Safari nzima ya kwenda na kurudi angani ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde, ukijumlisha na ardhini bado ni ndogo, unaongea na mtu kama mko chumba kimoja. Lakini kwa kukaa chini hivyo inabidi kila moja ikimbie kilomita 7.6 kwa sekunde, inamaliza dunia kwa dakika 95, na juu ya paa lako inapita kwa dakika chache tu imezama. Ndo maana moja haitoshi, zinatakiwa maelfu, zikipokezana. Na dishi lako linatakiwa lifuate inayopita, alafu lihamie ya pili bila wewe kujua, linafanya hivyo kwa vifaa vya umeme ndani yake bila kujigeuza, na hiyo kazi inakula umeme, wati 50 mpaka 100 muda wote limewashwa. Kwa mtu wa Shangani mwenye umeme wa gridi sio neno. Kwa zahanati ya kijijini inayotegemea sola, hesabu betri kwanza, wati 75 kwa saa 24 ni yuniti 1.8 kila siku, na hiyo ni dishi peke yake.

Jambo lingine hawalisemi, miti. Dishi la satelaiti ya juu linataka tundu moja tu la anga, kama kati ya miembe yako kuna upenyo kuelekea satelaiti basi imetosha. La satelaiti ya chini linataka anga wazi, pana, kwasababu satelaiti zinapita kila upande. Nyumba nyingi za Mikindani na Lindi mjini zimezungukwa na minazi na miembe mikubwa, ukiliweka uani chini ya miti litakuwa linakata kila baada ya muda na utadhani bovu. Weka juu ya paa au kwenye mlingoti, usikate mwembe wa bibi kwa ajili ya intaneti.

Na kuna hili la kijiografia. Satelaiti nyingi za Starlink zimelazwa nyuzi 53 toka ikweta, zinapanda mpaka kwenye latitudo za huko Uingereza alafu zinashuka mpaka kusini kabisa zikirudi. Kwa umbo la njia hiyo zinatumia muda mwingi kule kwenye ncha za njia, zikifika karibu na ikweta zinavuka kwa haraka, kwahiyo sisi wa nyuzi 10 tunakuwa na chache juu ya kichwa kuliko mtu wa Ulaya. Inafanya kazi, ila ukisoma sifa za mtu aliyeko Ujerumani usitegemee zitafanana na zako neno kwa neno.

Umri pia. Kule chini bado kuna hewa nyembamba sana inayozikwaruza, zinapoteza nishati na kushuka, zinahitaji kujisukuma mara kwa mara, na nyingi zimepangiwa kama miaka 5 kisha zinashushwa ziungue. Ya juu inakaa miaka 15 hivi mpaka mafuta yake ya kujirekebisha yaishe. Kwako wewe mnunuzi hii inamaanisha huduma ya chini inaendelea kuwepo pale tu kampuni inapoendelea kurusha mpya kila wakati.

Chaguo langu bila kuzunguka: ofisi, shule yenye kompyuta, lodji, mtu anayefanya kazi kwa vidio kolu, chukua ya chini ukiweza. Mtu anayetaka kutuma takwimu za korosho toka ghala la Tandahimba mara mbili kwa siku, hahitaji, ya juu inamtosha, au hata mnara wa simu ukiwa karibu ni bora kuliko zote mbili.

WAVUVI NA WATU WA BAHARINI

Hapa kuna urefu wa kati, na watu wanausahau kwasababu ni bure. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200, na simu yako haizipelekei chochote, inasikiliza tu. Inahitaji kusikia angalau nne kwa wakati mmoja ili ijue iko wapi. Kwanini hazikuwekwa chini? Zingetakiwa nyingi sana. Kwanini sio kule zinakosimama? Zingebaki zote kwenye mkanda mmoja juu ya ikweta, na ili upate mahali ulipo vizuri unataka zitoke pande tofauti za anga. Urefu wa kati unakupa satelaiti kama 30 zinazotosha dunia nzima.

Na humo ndani kuna uvutano tena, kwa namna ya ajabu. Kule juu uvutano ni mdogo hivyo saa zao zinaenda haraka kuliko za huku chini, kasi yao nayo inazichelewesha kidogo, ukijumlisha zinatangulia sehemu 38 za milioni za sekunde kwa siku, yaani maikrosekunde 38. Ni kidogo mno lakini zisingerekebishwa, ndani ya siku moja kosa la mahali lingefika zaidi ya kilomita 10. Mvuvi aliyetoka Msimbati usiku angeambiwa yupo nchi kavu.

Kwa hiyo kaka zangu wa majini, hamhitaji bando kujua mlipo. Daunlodi ramani ukiwa nchi kavu, ukifika bahari kuu zima data, mahali utapaona. Cha kukosa ni kuongea. Simu ya satelaiti ndo chaguo hapo, na tofauti ni ileile ya mwanzo, Inmarsat iko juu imesimama, lazima antena iione upande mmoja, na chombo kikiyumba unaitafuta. Iridium ziko 66 kwenye kilomita 780, zinapita zenyewe juu yako, kwenye mashua ndogo inayoyumba mi ningechukua hiyo.

HALI YA HEWA NA SHAMBA

Kimbunga kilichoipiga Lindi 1952 kilikuja wakati hakuna satelaiti hata moja angani. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichotua Cabo Delgado hapo ng'ambo tu ya Ruvuma, tulikiona siku kadhaa kabla, kinazunguka baharini, picha kwa picha. Picha hizo zinatoka kwa satelaiti za juu kama Meteosat, ambazo kwa kuwa zimesimama zinapiga eneo lilelile kila baada ya dakika 10 au 15 mchana na usiku. Kwa kimbunga hakuna mbadala. Ya chini inapita mara moja na kuondoka, na kimbunga hakisubiri irudi.

Lakini ukitaka kuona shamba lako la mikorosho limepauka upande gani, Meteosat haikusaidii, nukta yake moja ni nusu kilomita au zaidi. Hapo chukua za chini, Sentinel-2 iko kilomita 786, nukta yake ni mita 10, na zikiwa mbili zinarudi kila siku 5. Picha ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Mabwana shamba wa huku waziangalie, hasa msimu wa kupuliza dawa, japo mawingu ya masika yanaziba sana.

Na usisahau satelaiti ya asili ambayo hatujailipia. Mwezi kwa uvutano wake ndo unaotuletea bamvua na maji mafu, ukiwa mpya au umejaa unavuta kwa mstari mmoja na jua na maji ya Mtwara yanapanda na kushuka sana. Anayepanga kusafirisha dishi kwa mtumbwi kwenda kisiwani aangalie hilo kabla ya bei.

KABLA HUJATOA HELA

Simama pale unapotaka kufunga, angalia anga. Kama kuna upenyo mmoja tu, ya juu. Kama paa liko wazi pande zote na umeme upo, ya chini inawezekana. Piga hesabu ya umeme wa mwezi mzima, sio wa siku ya kwanza. Na kwa kuwa Msumbiji na Kenya Starlink imeanza toka 2023, kuna watu wanapitisha vifaa mpakani kimyakimya, usifanye hivyo, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama huduma unayoitaka imeruhusiwa hapa kwetu na kwa masharti gani, kwasababu dishi lililosajiliwa nchi nyingine kampuni yenyewe inaweza kulizima, na ukishatoa hela hakuna wa kumdai.